Robo inchi

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi kuendelea na somo la hifadhidata, na wachache mmekuwa mkinikumbusha kwa barua pepe. Somo litakuja. Leo nataka kuwaandikia juu ya kushona. Msikimbie! Kuna hesabu humu ndani, na kuna kosa la aina ambayo kila mwandishi wa programu amewahi kulifanya.

Mama alifariki mwaka juzi, mwezi wa Novemba. Aliacha cherehani ya Singer ya kuzungusha kwa mkono na gunia la nguo ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kulifungua. Dada yangu alichukua vyombo. Mimi nikapewa cherehani na gunia, kwa hoja kwamba sina familia na hivyo nina nafasi. (Aliyesema hivyo hajaona chumba changu.) Vilikaa nyuma ya mlango karibu miezi minane. Kila nikifungua mlango, unaligonga gunia.

Jirani yangu, nesi mstaafu, aliiona cherehani siku alipokuja kuniuliza kwa nini intaneti yake haishiki. Ukisomea kompyuta mtaa mzima hujua, na utatengeneza hata redio. Akaizungusha gurudumu mara mbili.

"Mwanangu, hii ina kiu ya mafuta tu. Unajua kushona?"

"Sijui, Mama."

"Jumamosi njoo nayo. Tumepungukiwa na mashine, na stima ikipotea hii yako haitajali."

Ndivyo nilivyojiunga na kikundi cha watu kumi, wanawake tisa na mimi, kinachokutana katika ukumbi wa kanisa kushona mablanketi ya viraka kwa ajili ya wodi ya watoto katika hospitali moja ya nyanda za juu. Aliyewahi kulala huko mwezi wa Julai hahitaji kuelezwa kwa nini. Kamusi huliita blanketi la aina hii mfarishi, lakini pale ukumbini sijamsikia mtu akilitumia neno hilo. Lina tabaka tatu: juu viraka vilivyounganishwa, katikati pamba, chini kitambaa kimoja cha bitana. Tabaka hizo hupigwa bandi zisihame, kisha hushonwa kwa mkono kupita zote tatu, watu wamezunguka meza, na maneno ya mtaa yote yanapita hapo.

Sasa kazi yenyewe inavyogawanywa. Kila mtu huenda nyumbani kuandaa miraba minane. Kumi mara nane ni themanini, na blanketi moja ni miraba ishirini, minne kwa mitano, kwa hiyo tunapata mablanketi manne. Rangi ni zako, kitambaa ni chako: shati la mitumba kutoka Gikomba, kitenge, pazia kuukuu, mradi kiwe pamba na kiwe kimefuliwa kabla ya kukatwa, maana kitambaa kikija kusinyaa baada ya kushonwa kitavuta wenzake. Agizo lisilo na mjadala ni moja tu. Mraba uwe inchi 12 na nusu kila upande, na kila mshono uwe robo inchi kutoka ukingoni.

Mraba wangu ulikuwa wa vipande tisa, vitatu kwa vitatu, kila kimoja kimekatwa inchi 4 na nusu. Vipande vitatu ni inchi 13 na nusu. Mshono mmoja humeza robo inchi ya kipande hiki na robo ya kile, jumla nusu. Mishono miwili humeza inchi moja. Inabaki 12 na nusu. Hesabu ya darasa la tano.

Nililifungua gunia usiku wa Jumapili. Nilitoa magauni matatu na leso mbili. Gauni la bluu lenye kola nyeupe nililirudisha. Yaliyobaki niliyakata, na sitawaeleza habari za usiku ule zaidi ya kusema kwamba mkasi wa kwanza ndio mgumu. Halafu nikafanya kama nifanyavyo siku zote nikiogopa kitu: nikawasha tarakilishi. Niliandika kijiprogramu cha Python cha kunipangia vipande 72 ili rangi mbili zinazofanana zisikae ubavu kwa ubavu. Kilifanya kazi mara ya kwanza! Nilijiona fundi. Nikashona wiki tatu, jioni baada ya kazi, nikizungusha kwa mkono mmoja na kuongoza kitambaa kwa mwingine.

Jumamosi ya kuunganisha, jirani yangu aliweka mraba wangu juu ya mraba wa mwenzake. Hakusema kitu. Akachukua rula. Inchi 12 kamili. Akapima wa pili, 12. Yote minane ilikuwa inchi 12, na nilichekesha watu nilipojitetea kwamba angalau yote inalingana.

Kosa lilikuwa hili. Cherehani ina kile kiguu cha chuma kinachokandamiza kitambaa, nami nilifuata ukingo wake nikidhani umbali wake kutoka kwenye sindano ni robo inchi. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilidhani tu. Kwenye mashine ya mama umbali huo ni thumuni tatu za inchi. (Thumuni maana yake ni moja ya nane, ndilo jina tulilozoea kuiita senti hamsini.) Nilizidisha thumuni moja kwa kila kipande, yaani robo kwa kila mshono, yaani nusu kwa kila mraba. Thumuni huwezi kuiona kwa jicho. Nusu inchi, pembe zinapokataa kukutana, inaonekana kutoka mlangoni.

Wenzangu wa fani hii mtakikumbuka chombo cha NASA, Mars Climate Orbiter, kilichopotea Septemba 1999 kilipofika kwenye sayari ya Mars. Programu moja ya ardhini ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, na nyingine ikazisoma kama vipimo vya metriki. Kila upande kwake hapakuwa na shida. Nilisoma kisa hicho chuoni na nikakijibia mtihani vizuri sana.

Lakini siku ile ukumbini nilichokikumbuka ni kitu kingine, ambacho nilikuwa nimekisoma nilipokuwa nikitafuta kujua nimejiingiza wapi. Mwaka 1985 mjini San Francisco, waandamanaji walibandika kwenye ukuta wa jengo la serikali kuu kadi zenye majina ya watu waliokufa kwa UKIMWI. Mwanaharakati Cleve Jones alitazama ukuta ule akaona unafanana na blanketi la viraka. Oktoba 1987 blanketi lenyewe lilitandazwa Washington, vipande 1,920. Leo ni vipande 50,000 hivi, na uzito wake ni tani 54. Watu wameshonea humo mashati ya marehemu, suruali za jinzi, picha, hata wanasesere. Wengi hawakuwahi kushika sindano kabla ya hapo. Kila mmoja alifanya apendavyo, ila kwa kitu kimoja: kipande kiwe futi 3 kwa futi 6, karibu na ukubwa wa kaburi. Vinane vikiungana vinatoa mraba wa futi 12. Mtu wa Atlanta na mtu wa Chicago ambao hawajuani, na hawataonana, kazi zao zinakaa ubavu kwa ubavu.

Nilikuwa nimedhani kipimo ni urasimu wa wazee. Kumbe ndicho kinachomruhusu kila mtu kuleta huzuni yake jinsi ilivyo na bado ipate pa kukaa. Yangu ilikuwa imepungua nusu inchi.

Tulijaribu kufumua. Mraba wa kwanza, gauni la maua, kitambaa kilikuwa kimelika kwa kufuliwa miaka mingi. Nyuzi zilianza kutoka pamoja na mshono. Nikasema basi, acheni, nitarudi nayo nyumbani. Mmoja akapendekeza ile mingine 72 ipunguzwe ifikie yangu. Akatazamwa tu, akarudi kwenye chai yake.

Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, akachana pindo la shuka la kijani, akakata mikanda ya upana wa inchi moja. Mkanda mmoja ubavuni, mmoja chini. Ukihesabu: inchi 12, toa robo ya mshono, ongeza inchi moja ya mkanda iliyotolewa robo yake, unapata 12 na nusu. Katika kazi yetu tungekiita kiunganishi, kile kipande cha msimbo unachoandika ili mifumo miwili isiyoelewana izungumze bila kuigusa iliyopo. Yeye hakukipa jina. Alisema, "Shona. Na safari hii pima."

Halafu akanifundisha jaribio ambalo ningepaswa kulifanya tangu mwanzo. Kata vijitepe vitatu vya inchi moja na nusu, viunganishe, pima. Vyote pamoja viwe inchi 3 na nusu, na cha katikati kionekane inchi moja kamili. Kama sivyo, usiguse kitambaa cha maana. Kisha bandika utepe kwenye bamba la cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, na ufuate utepe, usifuate kiguu. Dakika kumi!

Ugomvi ulikuja baadaye. Nilitaka miraba yangu minane ikae kwenye blanketi moja. Utaratibu wao ni kuichanganya yote themanini, ili kila blanketi liwe na mkono wa kila mtu. Nilieleza ni nguo za nani. Nilieleza kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Pole, mwanangu," mwenyekiti akasema. "Ukitaka blanketi la mama yako, lishone nyumbani kwako, nasi tutakuja kukusaidia. Haya ni ya wodi."

Nilikasirika hadi Jumatano. Jumamosi nikaenda. Miwili ikaingia hapa, miwili pale, na kwa ule mkanda wa kijani naweza kuionyesha yote minane.

Tulipeleka mablanketi mwanzoni mwa Julai. Nesi wa zamu alishukuru, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: je, yanavumilia maji ya moto? Wodini kila kitu hufuliwa kwa maji ya moto. Nilifikiria gauni jekundu la mama na ile miraba meupe jirani yake. Jirani yangu akajibu yanavumilia, naye ndiye anayejua wodi. Lile la kwanza lilitandikwa tukiwa bado tumesimama pale, na mtoto mwenye kitanda akaanza kuchokonoa mkanda wa kijani kwa kidole, kutafuta unakoishia.

Jumamosi ijayo tunakata tena. Utepe uko kwenye bamba, na jaribio langu la mwisho lilitoa inchi 3 na nusu. Gauni la bluu bado limo kwenye gunia. Sijaamua.