Tunapojadili Ushoga na Watoto Wetu, Tusiwape Takwimu za Uongo



Ndugu zetu wazazi, na nyinyi vijana wetu wa sekondari na chuo kikuu, leo tunaandika juu ya jambo ambalo wengi hulikwepa wakiwa nyumbani na watoto, kisha wanakuta watoto wamekwisha kupewa majibu na watu wengine. Nalo ni ushoga: ulianza lini, ni watu wangapi hasa, na je, ni kweli kwamba utamaliza kizazi cha binadamu?

Sisi ni familia chache za hapa Buyenzi, Bujumbura, tunaokutana kila Jumapili baada ya swala ya Alasiri kwa darsa la wazazi na watoto. Mada hii hatukuichagua sisi, waliileta vijana wetu. Shuleni kwao kulikuwa na mdahalo, kila upande ukatoa madai kwa sauti kubwa, na wao wakarudi nyumbani wakiwa na maswali kuliko majibu. Tukaona ni bora tuchukue madai matatu yaliyorudiwa mno, tuyapime moja baada ya jingine. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuichunguze habari inapotujia, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta.

Tuseme mapema ili pasiwe na utata. Mafundisho ya dini yetu juu ya tendo lenyewe tunayajua na tunawasomesha watoto wetu. Darsa halikukaa kuyabadilisha. Tulilojiuliza ni jambo jingine: je, amri ya Mwenyezi Mungu inahitaji kusaidiwa kwa habari za kubuni?

DAI LA KWANZA: "Ni jambo jipya, limeletwa na Wazungu"

Dai hili mwanafunzi wa madrasa hapaswi hata kulitamka. Kisa cha Nabii Lut (a.s.) kimo katika Surat Al-A'raf, Hud, Ash-Shu'araa na nyinginezo, na yeye aliishi zama moja na Nabii Ibrahim (a.s.). Haiwezekani jambo liwe la kale kiasi hicho, na papo hapo liwe limeshuka na ndege mwaka juzi.

Historia ya Waislamu nayo haikuficha. Vitabu vya hadithi vinawataja mukhannathun, wanaume wa Madina wenye mwenendo wa kike. Katika Sunan Abi Dawud imepokewa kwamba mmoja wao aliletwa mbele ya Mtume (s.a.w.), akahamishwa mji, na masahaba walipouliza kama auawe, Mtume akajibu kuwa amekatazwa kuwaua wanaoswali. Wapo wanazuoni walioizungumzia isnadi yake, lakini habari yenyewe imo kitabuni. Baghdad, katika zama za Harun al-Rashid, aliishi mshairi Abu Nuwas, ambaye mashairi yake ya mapenzi kwa wavulana yanajulikana na kila msomaji wa fasihi ya Kiarabu. Mafakihi nao walihitilafiana juu ya adhabu: Imam Abu Hanifa hakuiweka katika hadd bali katika ta'zir, na maimamu wengine walikuwa na kauli nzito zaidi. Watu hawahitilafiani karne nzima juu ya jambo lisilokuwepo.

Na huku kwetu je? Jirani zetu wa Buganda wana kisa cha Kabaka Mwanga na vijana wa ikulu waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887. Sababu za kisiasa zilikuwepo, lakini masimulizi mengi yanataja pia kwamba baadhi ya vijana hao waliyakataa matakwa ya kimwili ya Kabaka. Hayo yalitokea kabla Uingereza haijaitangaza Uganda kuwa himaya yake mwaka 1894. La kuzingatia ni kwamba wamishenari wa wakati ule waliwatupia lawama Waarabu, wakidai wao ndio walioleta tabia hiyo. Leo sisi tunawatupia Wazungu. Naona kila zama humtafuta mgeni wa kumbebesha mzigo, kama wasemavyo wazee wetu.

Na sheria zenyewe zina safari yake. Kifungu cha 377 cha Kanuni ya Adhabu ya India, kilichoandikwa na Waingereza mwaka 1860, ndicho chimbuko la vifungu vya Kenya na Uganda. Dola ya Uthmaniya, iliyokuwa ya Kiislamu, iliandika kanuni yake ya adhabu mwaka 1858 bila kifungu cha namna hiyo. Hapa Burundi Wabelgiji hawakutuachia kifungu hicho. Kiliingia katika kanuni yetu ya adhabu mwaka 2009, na adhabu yake ni kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili. Rwanda, tunayopakana nayo, haina kifungu hicho.

DAI LA PILI: "Ni mmoja katika kila watu kumi" au "Kwetu hawapo kabisa"

Hapa vijana walikuja na madai mawili yanayogongana, na yote mawili hayana miguu.

Hesabu ya mmoja katika kumi inatoka kwa Mmarekani Alfred Kinsey, katika kitabu chake cha mwaka 1948. Yeye hakuwachagua watu kwa kubahatisha katika nchi nzima. Alichukua waliojitolea kuhojiwa, wakiwemo wafungwa wengi, na asilimia 10 aliyoitaja ilikuwa ya wanaume waliokuwa hivyo kwa muda wa angalau miaka mitatu. Watu wakaikata habari, wakabaki na tarakimu peke yake.

Baadaye zilikuja hesabu pana zaidi. Sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 2021 iliwauliza watu wa miaka 16 na zaidi, na asilimia 3.2 walijitaja kuwa mashoga, wasagaji, wenye kuvutiwa na jinsia zote mbili au kundi jingine la namna hiyo. Wengine asilimia 7.5 hawakujibu swali. Marekani, kampuni ya kura za maoni ya Gallup ilipata asilimia 3.5 mwaka 2012, na kwa mwaka 2024 ikapata 9.3, zaidi ya nusu yao wakiwa wamejitaja kuvutiwa na jinsia zote mbili. Kijana mmoja akasema, "Basi wameongezeka karibu mara tatu!" Mwenzake akamjibu vizuri: "Kilichohesabiwa ni wanaosema, na watu husema zaidi wanapoona hawataadhibiwa."

Kwa mantiki hiyo hiyo, anayesema kwetu hawapo anatumia ukimya kama ushahidi. Sensa zetu haziulizi swali hilo, na mtu ambaye jibu lake linaweza kumpeleka jela hawezi kutarajiwa ajibu kweli. Kwa hiyo mtu akisimama kwenye mimbari au kwenye kipaza sauti cha siasa akataja asilimia ya Bujumbura, muulizeni kwa adabu ameipata wapi.

DAI LA TATU: "Utamaliza kizazi cha binadamu"

Hili ndilo lililotuchukua muda mrefu, kwa sababu ndilo linalowatisha wazazi zaidi.

Tuanze na hesabu ya ubaoni. Ili idadi ya watu isipungue, wanawake wanahitaji kuzaa kwa wastani watoto 2.1 hivi. Tuseme watatu katika kila 100 hawazai kabisa, ingawa wapo wengi miongoni mwa watu hao wenye watoto. Wale 97 waliobaki wangehitaji wastani wa karibu 2.16. Tofauti yake ni kama watoto sita kwa kina mama wote mia.

Sasa tutazame dunia. Mwaka 1960 tulikuwa watu kama bilioni 3. Tarehe 15 Novemba 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza kuwa tumefika bilioni 8. Uzazi kwa kweli umeshuka, kutoka wastani wa watoto karibu 5 kwa kila mwanamke katika miaka ya 1960 hadi zaidi kidogo ya 2 sasa. Lakini umeshuka kwa sababu gani?

Tazameni Iran. Ni jamhuri ya Kiislamu, na sheria yake ya liwati ina adhabu ya kifo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanamke wa Iran alikuwa akizaa zaidi ya watoto 6 kwa wastani. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 wastani ulikuwa chini ya 2. Kushuka kwa kasi namna hiyo kumeonekana katika nchi chache mno. Sababu zinajulikana: mpango wa uzazi ulioanzishwa tena na serikali mwaka 1989, wasichana kusoma, kuchelewa kuolewa, na watu kuhamia mijini. Mwaka 2021 Iran ilipitisha sheria ya kuhimiza watu wazae.

Tazameni Korea Kusini. Sheria yake haitambui ndoa za jinsia moja, lakini mwaka 2023 wastani wake ulifika 0.72, wa chini kuliko nchi zote kubwa. Vijana wao wanalalamikia bei ya nyumba, gharama za masomo ya watoto na saa nyingi za kazi. Kisha tazameni Uholanzi, nchi ya kwanza kuruhusu ndoa hizo, mwaka 2001. Wastani wake ulipanda kidogo hadi karibu 1.8 mwaka 2010, kisha ukashuka hadi karibu 1.4 mwaka 2023, ambao bado ni karibu mara mbili ya Korea. Na hapa Burundi tulitoka 6.4 katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 hadi 5.5 katika ule wa 2016 na 2017. Mashamba yanagawanywa mpaka yanabaki vipande, na hakuna anayelalamika kwamba watu wanakwisha.

Akasimama baba mmoja akasema, "Lakini je, kila mtu akifanya hivyo?" Binti wa kidato cha pili akaomba ruhusa: "Samahani baba, na kila mtu akiwa imamu, nani atalima?" Watu walicheka, lakini hoja ilikaa. Imam an-Nawawi, ambaye Arba'in yake tunaihifadhisha watoto, alifariki mwaka 1277 bila kuoa. Sheikhul Islam Ibn Taymiyyah alifariki mwaka 1328, naye hakuoa. Mapadri na watawa wa Kikatoliki tunaishi nao mji mmoja. Hakuna aliyewahi kuwashitaki hao kwa kumaliza binadamu.

KWA NINI TUNAYASEMA HAYA

Msomaji anaweza kuuliza, kama hukumu ya dini haijabadilika, tunasumbuka nini na tarakimu? Tunasumbuka kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni watoto wenyewe. Kijana ana simu mkononi. Akimsikia mzazi au ustadh akitaja takwimu, anaitafuta pale pale. Akikuta ni ya uongo, haishii kuikataa takwimu. Anaanza kutilia shaka na yale ya kweli aliyofundishwa na mdomo ule ule.

Ya pili ni jirani. Mtaani kwetu kulikuwa na kijana fundi cherehani, mpole, mwenye sauti laini. Watu wakaanza kunong'ona. Hakuna aliyeona kitu, hakuna aliyesikia kitu, ila "wanasema". Wateja wakakatika. Mwenye nyumba akamtolea vitu nje kwa hoja kwamba watu kama hao "wanatumaliza". Mama yake, ambaye hakuwa akikosa darsa, akaacha kuja kwa kuona haya. Tulimtuma bibi wawili wazee wakakae naye, na tukamtafutia kijana mahali pa kuweka cherehani yake. Hatukumuuliza kama yanayosemwa ni kweli, kwa sababu hatuna haki ya kuuliza. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Surat An-Nur, aya ya 4, inampa viboko 80 anayewazulia wanawake wema bila mashahidi wanne, na wanazuoni wamekubaliana kuwa heshima ya mwanamume inalindwa vivyo hivyo. Mbona dhambi ya kuzua hatuifanyii midahalo?

Mama yake amerudi kwenye darsa. Kijana hakurudi mtaani. Yuko upande mwingine wa mji, anashona.

Basi nasaha zetu ni hizi. Wazazi, jibuni maswali ya watoto kwa ukweli na kwa utulivu. Mkiwa hamjui, semeni hamjui, mkatafute pamoja nao. Wanafunzi, msibebe tarakimu msiyoijua ilikotoka, iwe inawapendeza au inawachukiza. Na sote tukumbuke kwamba kusimama na mafundisho ya dini hakumpi mtu ruhusa ya kumpiga jirani, kumfukuza nyumbani wala kumvunjia heshima mama yake. Mtoto akituona tunasema kweli hata pale uongo ungetufaa, atakuwa amejifunza dini kwa macho yake.

Tunamuomba Allah atujaalie kuwa wakweli, atuhifadhie watoto wetu na atusitiri sote.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.