Jiwe la panga halinoi wembe

Mwaka jana niliharibu kitu ambacho muzee wangu alikibeba kutoka Uvira mpaka hapa Nakivale. Ni wembe wa kukunja, umeandikwa Solingen, mji wa Ujerumani. Alitoka nyumbani na mfuko mmoja tu, na wembe huo ulikuwa ndani.

Mimi ni kinyozi. Wateja nawanyoa kwa wembe wa kutupa, mmoja kwa mtu mmoja, juu damu inaweza kubeba virusi vya UKIMWI ama homa ya ini. Ule wa muzee haugusi mteja. Anajinyolea yeye tu, Jumapili kabla ya kanisa.

Siku moja nikaona wembe unamvuta ndevu. Nikataka kumfurahisha. Nikachukua lile jiwe la kijivu ambalo wote tunanolea panga, nikasugua kwa nguvu. Nilipomaliza ulikuwa na meno kama msumeno. Jumapili muzee akajikata shavuni. Hakunigombeza. Aliukunja, akaurudisha kwenye mfuko, akaanza kufuga ndevu. Hiyo iliniuma kuliko kofi.

Basi nikaanza kujifunza kwa simu, usiku, bando ikiruhusu.

Kumbe mawe yana namba. Namba ndogo ina chembe kubwa, inakula chuma haraka. Namba kubwa inalainisha. Wembe unaanzia 1000 kutengeneza ukingo, unapita 4000 hivi, halafu 8000 na kuendelea ndiyo ya kumalizia. Ukisikiliza wauzaji utadhani huwezi kuanza bila mawe sita. Kuna hata jiwe la asili la njano, coticule, linatoka Ardennes kule Ubelgiji. Nilipomwambia muzee, alicheka kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili: "Babeleji balikuya kuchimba kwetu, kumbe na kwabo kuko majiwe!"

Pesa yangu ilitosha jiwe moja. Nilitamani la 12000, juu jina lake ni kubwa. Lakini nikafikiria: kama ukingo haupo, jiwe laini litang'arisha ubutu tu. Nikachukua la pande mbili, 1000 na 6000. Ya kumalizia nikatumia mkanda wa zamani wa ngozi na pasta ya kijani ya kung'arishia chuma.

Nikanunua pia wembe mwingine, mzee, wa bei ya chini, wa kujifunzia. Huo niliuharibu mara nyingi, na hakuna aliyelia.

Mambo niliyoyashika ni haya. Jiwe lazima liwe sawa kabisa: chora mistari ya penseli juu yake, sugua kwenye msasa uliowekwa juu ya kioo mpaka mistari iishe yote. Weka maji. Laza wembe, mgongo na makali vyote viguse jiwe, usiinue mgongo hata kidogo. Kwenye jiwe makali yanatangulia. Kwenye ngozi mgongo ndio unatangulia, ukikosea unakata mkanda. Na usikandamize.

Hapo kwenye ngozi muzee alishindwa kuvumilia. Akaninyang'anya mkanda. "Mutoto, mukono mwepesi. Hautwangi sombe." Kumbe alijua siku zote, hakuna aliyemuuliza.

Tuliunoa wake pamoja. Karibu na ncha kuna pengo dogo ambalo bado halijaisha, tumeamua kuliacha lipungue polepole, juu chuma kikiliwa hakirudi. Jumapili iliyofuata alinyoa ndevu za miezi mitatu. Akapitisha mkono shavuni, akauliza, "Jiwe ulinunua ngapi?" Nikamwambia. Akasema ni ghali. Halafu akaliweka kwenye ule mfuko wake, pamoja na wembe.

Kama unaanza, nunua jiwe moja linaloanzia 1000 na wembe usio na historia. Na kabla hujagusa kitu cha mzee, muulize kwanza.