Ndiva za Upare na Watunzaji Wake

Siku utakapopanda basi la kutoka Moshi kwenda Tanga, usisinzie njiani. Ukiisha kupita Same, tazama upande wako wa kushoto. Hapo imesimama milima ya Upare, yenye mawingu na migomba. Kulia kwako ni nyika ya miiba na mashamba ya mkonge, mpaka bonde la Mto Pangani. Wakulima wa chini ya mlima hukaa kati ya hali hizo mbili. Maji huyaona yakishuka kutoka juu, lakini mvua yao wenyewe haiwatoshi. Vuli huweza kukosa kabisa, na masika hukatika mahindi yakiwa hayajabeba.

Basi shuka garini, upande kwa miguu mpaka Bangalala. Huko utaonyeshwa bwawa dogo lililojengwa ubavuni mwa mlima. Wapare huliita ndiva. Kazi yake ni hii: kijito cha mlimani ni chembamba, na kikiachwa kiende shambani moja kwa moja, maji hunywewa na mchanga kabla hayajafika mbali. Kwa hiyo hukingwa ndivani usiku kucha. Asubuhi hufunguliwa yote pamoja, yakapita mferejini kwa nguvu mpaka kwenye mashamba ya wenye zamu. Haba na haba hujaza kibaba. Wazee walibuni jambo hili zamani, kabla saruji haijajulikana huko, ingawa siku hizi ziko ndiva zilizosakafiwa.

Lakini ndiva haijisafishi yenyewe. Mvua kubwa hushusha tope na mawe, na kingo za mfereji hubomoka. Hapo huitwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja isiyo na mshahara. Watu huja na majembe, sururu na karai. Mlutheri, Mkatoliki, Msabato na Mwislamu husimama katika tope moja, kwa maana maji hayaulizi dini ya mwenye shamba.

Tena yuko mtu ambaye wewe mgeni wa mchana hutamwona. Ni yule aendaye kuziba ndiva jua likichwa, na kuizibua kunapopambazuka. Akilala siku moja tu, maji ya usiku mzima hupotelea korongoni, na jirani aliyengoja zamu yake kwa siku nyingi hana cha kunywesha mahindi yake. Yuko pia mwenye kugawa zamu, ambaye wakati wa kiangazi hulaumiwa na kila mtu. Vijana wakiona kwamba watu hawa hupata lawama tu, wala hawapati shukrani, nani kati yao atakubali kushika kazi hiyo kesho? Na mfereji ukiachwa mahali pamoja tu, wote walio chini hukauka.

Msomaji, huna haja ya kufika Upare ili kumwona mtu wa namna hii. Hata kwenu yuko afagiaye kanisa, yuko afukiaye mashimo ya njia baada ya mvua, yuko akeshaye na mgonjwa asiye na ndugu. Usingoje kumsifu siku ya mazishi yake. Mwendee wiki hii umwambie ahsante, na ukienda, chukua na jembe lako.