Paa la Subaru

Mwaka 2013, nikiwa kidato cha nne, kijana mmoja wa Dar alipinduka na Subaru Impreza yake karibu na Michungwani. Mwenyewe alitoka mzima. Gari likavutwa hadi Kabuku, kwenye gereji ya mjomba wangu, chini ya mwembe kando ya barabara kuu ya Segera kwenda Chalinze. Injini ilikuwa nzima kabisa. Paa ndilo lililobonyea kama sufuria iliyokaliwa.

"Fundi, usininyooshee," yule kijana akasema. "Kata lote. Nataka nitembee nayo wazi, kama zile za Ulaya."

Akataja laki nne. Mjomba akanitazama. Wote wawili tulijua nadaiwa ada.

Alizunguka lile gari mara mbili, kisha akasema, "Hii siyo Land Rover, mdogo wangu."

Mteja hakuelewa. Hata mimi sikuelewa. Mjomba akachukua boksi tupu la oili, akalifunga, akanipa. "Lisokote." Halikusokoteka. Akachana mfuniko wote, akanirudishia. Likapinda mikononi kama kitambaa. Land Rover, akasema, ina chesisi chini; ukiikata paa, chesisi bado inabeba. Ndiyo maana magari ya watalii kule Arusha yanakatwa juu na bado yanahimili porini. Hizi ndogo za siku hizi, bodi yenyewe ndiyo chesisi, na paa ni sehemu yake.

Kijana akacheka. "Wewe kata tu, mzee."

Mjomba akafunga milango, akachomelea ndani vyuma vya muda kutoka nguzo za mbele hadi za nyuma, ndipo akawasha grainda. Jioni paa lilikuwa chini, na kwa kweli gari lilipendeza. Watoto walijaa. Asubuhi akatoa vile vyuma, akapiga jeki upande mmoja mbele, akaniambia, "Fungua mlango."

Haukufunguka. Nilivuta kwa mikono miwili. Aliposhusha jeki, ukafunguka wenyewe.

"Umeona? Sasa fikiria yuko mwendo kasi, kona, na mvua."

Akampigia mteja simu: zinahitajika paipu nene za mraba chini ya milango, na nyingine ya kukatisha nyuma ya viti. Laki na nusu zaidi. Kijana akagoma, makubaliano ni laki nne, na hataki gari liwe zito.

Mjomba angeweza kulitoa vilevile. Badala yake alinunua vyuma kwa pesa zilezile, akachomelea siku mbili. Nilirudi shule nimechelewa wiki tatu, na nilimkasirikia, nisifiche. Niliona amemjali mtu asiyemfahamu kuliko mtoto wa dada yake.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa chuo, nilisoma kuhusu McLaren 12C Spider, gari la wazi lililotoka Uingereza mwaka 2012. Paa lake linafunguka kwa chini ya sekunde 17. Lakini kilichonisimamisha ni kitu kingine. Wale mainjinia hawakulazimika kuongeza vyuma vya kuimarisha bodi, kwa sababu tangu mwanzo abiria walikaa ndani ya beseni gumu la nyuzi za kaboni, na ugumu wake haukutegemea paa. Uzito ulioongezeka ulikuwa kilo 40 tu, za paa na mitambo yake. Yaani walianza na swali lilelile la boksi la oili, ila wao walilijibu kabla gari halijazaliwa. Mjomba alilijibu baada ya ajali, kwa pesa ya ada.

Nilimpigia simu jioni hiyohiyo. Nikamwamkia, nikamweleza yote: kaboni, kilo 40, sekunde 17. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Na ukilipiga jeki, mlango unafunguka?"