Sarafu Iliyomegeka na Haki ya Warithi

Katika mirathi, mashamba na nyumba huwa na hati na mashahidi. Aghalabu ni vitu vidogo vinavyozusha maneno. Marehemu baba yetu, Allah amrehemu, alituachia pamoja na mengineyo kopo la sarafu kuukuu: senti za tundu za enzi ya Mwingereza, pesa za shaba za Sayyid Barghash, na shilingi za Tanzania za mwaka 1966, zenye kichwa cha Mwalimu Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili. Miongoni mwa shilingi hizo ilikuwamo moja iliyopungua pembeni, mfano wa mkate ulioumwa.

Mpwa wetu alikuwa amesikia kwamba sarafu iliyokosewa kiwandani huweza kununuliwa na wakusanyaji kwa bei kubwa kuliko ile iliyo nzima. Hilo ni kweli. Akaja na mnunuzi aliyekuwa tayari kutoa fedha za kutosha ada ya mwaka ya mtoto wa dada yetu, ambaye ni mjane. Hapo jambo likawa zito. Ikiwa kasoro ile ni ya kiwandani, sarafu ni mali yenye thamani, na haijuzu mmoja wetu kuichukua kama ukumbusho bila kuhesabiwa katika fungu lake. Ikiwa ni uharibifu wa mikono ya watu, kuiuza kwa bei ile ni kula mali ya mwenzetu kwa batili.

Ilitubidi kwanza tufahamu sarafu huzaliwaje. Kiwandani hukatwa visahani kutoka katika bamba refu la madini. Kila kisahani hubanwa na kuviringishwa ili kingo zake ziinuke, kisha hupigwa kwa nguvu kati ya mihuri miwili ya chuma, nacho hupokea picha na maandishi pande zote mbili kwa pigo moja. Bamba lisiposogezwa vizuri, kikatio huangukia penye tundu la kisahani kilichotangulia, na kisahani kipya hutoka kikiwa kimemegeka. Hilo ni kosa la kiwandani.

Kosa hilo huacha ushahidi. Wakati wa kuinua kingo, penye pengo hapana kitu cha kubanwa, kwa hiyo hata upande unaolikabili pengo hukosa mkandamizo. Ndiyo maana katika sarafu nyingi za namna hiyo ukingo ulio mkabala na pengo huonekana hafifu au hukosekana kabisa. Herufi zilizo jirani na pengo nazo hufifia taratibu, kwa sababu madini yalitiririka kuelekea penye nafasi. Lakini aliyekata sarafu baada ya kupigwa chapa hawezi kuzirudisha alama hizo: ukingo wa mkabala hubaki umesimama imara, na herufi huwa zimekatwa ghafla, nusu ipo na nusu haipo.

Tuliiweka shilingi yetu kando ya nzima ya mwaka uleule, chini ya kioo cha kukuzia cha sonara wa mtaani. Ukingo wa mkabala ulikuwa kamili. Herufi mbili zilikuwa zimekatwa katikati, na ndani ya pengo ilionekana mistari myembamba ya tupa. Shilingi ile ilikatwa na mtu.

Sonara, mzee wa makamo aliyezoea kuletewa vitu vya namna hii, alitufunza na mengine. Sarafu yenye picha iliyozama na kugeuka kama katika kioo huenda ilibanwa tu na mwenziwe katika jiliwa. Iliyo nyepesi na kulika pande zote huenda ilitiwa tindikali. Yenye vichwa viwili mara nyingi ni sarafu mbili zilizochongwa na kuunganishwa, na mshono hujificha ndani ya ukingo. Rupia na reali nyingi za pwani zilitobolewa ili zivaliwe shingoni. Hizo zina historia yake, lakini tundu lile si kosa la kiwanda.

Mnunuzi hakuwa amegundua. Baadhi yetu walinong'ona kwamba yeye ni mtu mzima na macho anayo. Dada yetu, ambaye ndiye mwenye haja, akasema, "Msimlipie mwanangu ada kwa fedha za mtu aliyefichwa aibu ya kitu." Maneno yale yalimaliza shauri. Fikihi yetu inampa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa iliyofichwa kasoro, na sote tumefunzwa kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni, alipotia mkono ndani ya lundo la chakula akakuta umajimaji chini ya ukavu, akamkemea muuzaji. Tukamwonyesha mnunuzi ukingo na mistari ya tupa. Akashukuru, akaondoka bila kununua. Ada tukaichangia ndugu wote.

Wasomaji wenye makopo ya namna hii majumbani wasizisugue sarafu zao, kwani kusugua nako ni kuharibu. Wazilinganishe na zilizo nzima, wazipime, wamwulize mjuzi asiye na maslahi, kisha waziandike katika hesabu ya mirathi kwa thamani yake ya kweli. Pesa za Sayyid Barghash za mwaka 1299 Hijria zimechorwa mizani upande mmoja. Tulizigawa zile kwa idadi, kila mrithi kwa fungu lake, na shilingi iliyokatwa tukaiandika kuwa haina thamani.