Mnunuzi wa Kwanza

Mtu akitaka kupima shamba la mwenzake huuliza, "Mwaka huu umeuza magunia mangapi?" Ni mara chache huuliza, "Mmekula nini?" Hapa Ruponda nimelitafakari sana jambo hili, maana ardhi yetu ya Nachingwea na Ruangwa imezoea kulimia meza ya mtu aliye mbali.

Mwaka 1947 Waingereza walianza Mpango wa Karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imewaacha na upungufu wa mafuta ya kula. Yakaletwa matrekta, msitu ukang'olewa, reli ikajengwa kutoka pwani. Januari 1951 mpango ukafutwa, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962. Wazee wetu waliendelea na mihogo, mtama na kunde kwa jembe la mkono, kwani wao walikuwa wakila walicholima.

Yaliyotupata juzi hayako mbali na hayo. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazotoka nje, na bei ya huku kwetu ikaporomoka. Niliingia nyumba moja magunia yamepangwa hadi karibu na paa, na watoto wanakula ugali kwa chumvi na majani ya kunde. Nilipouliza, mama mwenye nyumba alinijibu, "Hizo ni za kuuza, baba." Neno hilo lilinikaa moyoni. Chakula kilikuwa ndani, ila kilikuwa kimekwisha kuitwa bidhaa.

India haikutukosea, iliwalinda wakulima wake, na mwaka 2021 ikafungua mlango tena. Swali ni letu: sisi wa kwetu tunawalinda kwa nini?

Mbaazi si chakula cha kudharauliwa. Hujenga mwili kama maharage. Mizizi yake huenda chini sana, hivyo huvumilia jua mahindi yakiwa yamekwisha kukauka. Mizizi hiyo huirutubisha ardhi, na majani yakipukutika huwa mbolea. Lakini shule zetu zikipika chakula cha mchana, mara nyingi hutafuta maharage, ambayo hustawi kwenye baridi ya Mbeya na Songea. Tunalipa nauli ya lori ili mtoto ale kitu ambacho ndugu yake kimemjalia nyumbani, hakina mnunuzi.

Sisemi tuache biashara. Korosho na ufuta ndivyo vinavyotulipia ada na mabati. Nasema mnunuzi wa kwanza awe jirani: shule, mama lishe wa gulioni, mwenye harusi, na jiko la nyumbani kabla ya wote. Kila kaya ijiwekee chakula chake hadi mavuno mengine, ndipo ziada ipande mizani. Mnunuzi wa karibu hataleta fedha nyingi kwa siku moja, lakini hana bahari ya kuvuka, na njaa yake hurudi kila siku.

Mtegemea cha nduguye, walisema wahenga, hufa maskini. Basi, ndugu msomaji, ukienda gulioni kesho, mtazame vizuri yule bibi aliyeketi chini na kisado chake cha mbaazi. Akiuza leo, msimu ujao atapanda tena.