Kijana wetu asiyeona na kompaila yake



Kwa muda mrefu baadhi ya wazazi wa hapa Kamembe na wa Bugarama wametuomba tuandike juu ya yule kijana wetu asiyeona ambaye anaandika programu za kompyuta. Wengine wanadhani ni uvumi. Wengine wanadhani kuna mtu anamwandikia. Si uvumi, na hakuna anayemwandikia. Ila katika kisa hiki yamo mambo yanayotuhusu sisi mwalimu wake, na si yote ya kujivunia.

Kijana huyu alipoteza uwezo wa kuona akiwa na umri wa miaka minne. Breli alijifunza katika shule ya wasioona ya Kibeho, kule wilaya ya Nyaruguru, na kila likizo mama yake, ambaye anauza sambaza sokoni, alikuwa akimleta madrasa. Alihifadhi kwa kusikia tu, sisi tukisoma na yeye akirudisha, akafika juzuu ya kumi kabla ya wenzake wenye macho. Basi tukaona njia yake imeshanyooka: atakuwa hafidh, atakuwa muadhini kama sahaba Abdullah bin Umm Maktum, na inatosha. Alipotimiza miaka 17 akasema anataka kujifunza kuandika programu. Tukamwambia mama yake asipoteze pesa. Tulisema hivyo barazani, mbele za watu, na kijana mwenyewe amekaa palepale anasikia.

Mama yule alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ustadhi, si wewe uliyetufundisha kwamba Ibn Umm Maktum aliachiwa mji wa Madina auangalie Mtume alipotoka safari?" Hatukuwa na jibu. Akaendelea kuweka akiba ya sambaza miezi kumi na moja, akavuka kwenda Bukavu, akarudi na laptopu iliyotumika. Sisi tukaona angalau tukae naye kijana jioni, baada ya Isha, tumsomee yale ambayo mashine isingemsomea. Hiyo ndiyo iliyokuwa toba yetu, na ilituchukua karibu mwaka mzima.

Kwa wasiojua, asiyeona hutumia kompyuta kwa programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Iko moja iitwayo JAWS, iliyotokana na kazi ya Ted Henter, Mmarekani aliyepoteza macho katika ajali ya gari mwaka 1978. Ni nzuri, lakini leseni yake ni ghali, na bei hiyo ni sambaza nyingi. Iko nyingine iitwayo NVDA, ya bure kabisa. Ilianzishwa mwaka 2006 na kijana wa Australia, Michael Curran, akaungana naye James Teh, na wote wawili hawaoni. Tulipomweleza kijana wetu habari hiyo alituuliza mara mbili: "Walioiandika nao hawaoni?" Tukamwambia naam. Tangu siku hiyo hakuuliza tena kama jambo hili linawezekana.

Sasa tuje kwenye mashaka. Laptopu ilikuwa ya Kifaransa, Windows yake ya Kifaransa, na kibodi yake ya Kifaransa. NVDA huifuata lugha ya Windows, kwa hiyo ikaanza kuyasoma maneno ya Kiingereza kwa matamshi ya Kifaransa. Neno "include" likawa kitu ambacho hata Mfaransa asingekijua. Tulipata sauti ya Kiingereza kwenye mipangilio yake, na tukakuta humo ipo hata sauti ya Kiswahili, kavu kama mtu anayesemea ndani ya debe, lakini ni Kiswahili. Kijana akapanga kwamba akifungua kihariri cha programu isome Kiingereza, na kwingineko isome Kiswahili. Kibodi tuliiacha ya Kifaransa. Mabano yaliyopinda, ambayo lugha ya C haiwezi kwenda bila hayo, kwenye kibodi ile huandikwa kwa kubonya vitufe viwili kwa pamoja, na hata nukta ya kawaida inahitaji Shift. Vidole vyake vilizoea. Vyetu mpaka leo havijazoea.

Kisha ikaja kompaila. Kwa wazazi: kompaila ni programu inayochukua maandishi aliyoandika mtu na kuyageuza kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukitekeleza. Mtu mmoja mwema alimshauri kijana apakue moja ya zile karakana kubwa zenye kila kitu ndani. Mega zikaisha mara mbili kabla haijakamilika kupakuliwa, na ilipokamilika, dirisha lake la kusakinisha likawa na vitufe vya picha visivyo na jina. NVDA ikasoma: kitufe, kitufe, kitufe. Hapo ndipo tulipokaa sisi kusoma skrini, na Kiingereza chetu ni cha kubahatisha, tukawa tunamtajia herufi moja moja kama mtoto wa alifu. Usiku wa tatu akatuzuia mkono. "Ustadhi," akasema, "ukinisomea wewe leo, kesho nani atanisomea?"

Alikuwa na haki. Akaiacha ile karakana, akatafuta GCC, kompaila ya bure iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1987 na Richard Stallman, akapata iliyofungwa ndani ya faili moja la zip, ya mega zisizofika mia. Haina dirisha la kusakinisha. Unaifungua kwenye folda, basi. Na kazi yake yote hufanyika katika lile dirisha jeusi la amri ambalo sisi wenye macho tunaliogopa kwa kuwa halina picha. Kumbe kwake ndilo dirisha bora kuliko yote. Lina maandishi matupu, na maandishi ndiyo yanayosomeka.

Alipoandika "gcc" mara ya kwanza, mashine ikajibu kwamba haiitambui amri hiyo. Mfano wake ni mgeni aliyeshuka kwenye basi la kutoka Kigali akauliza nyumba ya fulani bila kutaja mtaa. Inabidi uiambie Windows mtaa wenyewe, yaani uiongeze folda ya kompaila katika orodha iitwayo PATH. Dirisha la kufanyia hivyo NVDA inalisoma vizuri, na akafanya mwenyewe, sisi tukiwa jikoni tunatafuta chai.

Lakini kilichotaka kumvunja moyo kilikuwa kidogo zaidi. Aliandika programu ya mistari kumi na mbili, kompaila ikaikataa. Akaisikiliza tena na tena, siku tatu, hakusikia kosa. Sisi tukaitazama hatukuona kosa, maana tusingelijua hata lingetugonga. Siku ya nne tukamwambia asimamishe sauti kila neno, sisi tuangalie kwa kidole. Tukafika kwenye mabano, na mashine ikapita bila kusema kitu. Tukamwuliza, "Hapa umesikia nini?" Akasema, "Hakuna." Basi! NVDA ikiwekwa mara ya kwanza hairuhusu alama zote zisomwe, kwa sababu msomaji wa barua hahitaji kutajiwa kila mkato. Msomaji wa programu anahitaji. Alikuwa akisoma mfano wa mus-haf usio na irabu, na bano moja la kufunga lilikuwa limekosekana. Dawa yake ni kushika kitufe cha NVDA na kubonya P mpaka iseme alama zote. Siku tatu za huzuni, dawa yake vitufe viwili. Wazazi wenye watoto kama huyu, tafadhali liandikeni mahali hili.

Baada ya hapo alikwenda kwa kasi, na kasi yenyewe tuisemee kidogo. Wanafunzi wa tajwid wanajua kwamba kisomo kina mwendo wa taratibu, wa kati na wa hadri. Sauti ya mashine yake alianza nayo kwa mwendo wa tartili, akapandisha, akapandisha tena, na sasa ukikaa kando yake unasikia mlio tu kama wa nyuki. Yeye anasikia kila nukta. Masikio yale tuliyanoa sisi kwa miaka mingi tukimrudisha kwa ghunna moja iliyopungua, na hatukujua tunayanoa kwa kazi gani.

Ametufundisha pia hila zake. Kompaila ikitoa makosa mengi huyaelekeza kwenye faili la maandishi, kisha hulifungua na kulisoma mstari kwa mstari kwa utulivu. Kila kosa hutaja namba ya mstari, naye hubonya Ctrl na G na kuruka moja kwa moja mpaka pale. Alipoingia katika Python, ambapo nafasi za mwanzo wa mstari zina maana kama irabu, aliiambia NVDA imtolee mlio unaopanda kadiri mstari unavyosogea ndani. NVDA nzima yuko nayo kwenye flashi, kwa hiyo akiingia kwenye kompyuta ya mtu mwingine anaichomeka na kuanza kazi.

Na liko hili ambalo lilitupa furaha ya pekee. Tulipokuwa tukimtafutia kihariri, tulikutana na kimoja cha bure kiitwacho EdSharp, kilichotengenezwa mahsusi kwa watumiaji wasioona na Jamal Mazrui, mtengenezaji programu asiyeona aliyefanya kazi katika Tume ya Mawasiliano ya Marekani. Ni mtoto wa Profesa Ali Mazrui wa Mombasa, na babu yake ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya aliyefariki mwaka 1947, yule aliyetoa jarida la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 ili Waislamu wa pwani wasome habari zao kwa Kiswahili. Ndani ya EdSharp kuna hata njia ya kuandika Python kwa mabano na kuigeuza iwe ya nafasi, ili asiyeona asihesabu nafasi kwa kubahatisha. Kijana sasa anatumia Visual Studio Code zaidi, ila EdSharp hajaifuta. Tulimwuliza kwa nini. Akasema ni ya nyumbani.

Tumefika kwenye Ramadhani ya mwaka 2024. Kijana alikuwa ameandika programu ya kupiga hesabu ya nyakati za swala kwa kutumia latitudo na longitudo. Akatwambia, kwa adabu, kwamba ratiba ya ukutani tunayoifuata imepigwa kwa Kigali, na Kamembe iko magharibi ya Kigali kwa zaidi kidogo ya digrii moja. Jua linachelewa kuzama kwetu kwa dakika 4 na nusu hivi. Ikiwa ni hivyo, tulikuwa tukifuturu mapema.

Wazee wawili walikasirika. Mmoja akasema jua ni la kuangaliwa kwa macho, na asiye na macho hana ushahidi wa jua. Maneno makali hayo, na tuliyatambua. Yalikuwa ndugu wa yale yetu ya barazani. Tukapanda nao kilimani katikati ya Machi, tukiwa na saa. Jua likaingia nyuma ya milima ya Congo, ng'ambo ya ziwa, na wazee wakasema, "Limezama." Kijana akasema kwa hesabu yake bado. Tukatazama upande wa mashariki, kama vitabu vya fiqhi vinavyoelekeza pale mlima unapoziba, na giza lilikuwa halijapanda; vilele vya upande wa Nyungwe vilikuwa bado na mwanga wa jua. Tukasimama. Ilipofika saa 12 na dakika 17 akasema, "Sasa." Wale wazee walikuwa wa kwanza kugeuka kushuka, na hakuna aliyesema kitu mpaka msikitini.

Siku iliyofuata mikeka ilitandikwa, tende ziko kwenye sahani, na uji unatoa moshi. Yule mzee aliyesema maneno makali alikaa karibu na kijana, akachukua tende moja akaishika mkononi.

"Bado?" akauliza.

"Bado dakika mbili, mzee wangu."

Akairudisha tende kwenye sahani.